Dakika Kumi za Kalamu

Kazini walimwita Bi Nukta, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Majibu yake kwa wateja yalikuwa mafupi, yamenyooka, na kila jibu liliishia na nukta iliyofanana na mlango unaofungwa usoni. Mteja angeweza kuandika aya tano za machozi kuhusu mashine ya kufulia iliyomtafunia shuka la harusi. Bi Nukta angemrudishia mistari mitatu: fundi anakuja lini, saa ngapi, na shuka litafidiwa au halitafidiwa. Nukta. Wateja wengine walimchukia, wengine walimshukuru, lakini hakuna aliyerudi kuuliza mara ya pili. Kampuni, iliyouza majokofu na mashine za kufulia, ikayaita hayo ufanisi na kumwacha aendelee.

Kabla ya kazi hii alikuwa mpiga chapa mahakamani kwa miaka kumi na tisa. Aliwasikiliza watu wakiapa asubuhi na kusema uongo kabla ya chakula cha mchana, naye aliandika vyote, kiapo na uongo, kwa herufi za aina moja. Huko ndiko alikochuma dharau yake. Haikuwa dharau ya makelele. Ilikuwa ya kukunja mdomo upande mmoja na kuendelea na kazi.

Sasa alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha nyuma kilichokuwa karakana ya marehemu mumewe. Mume alikuwa fundi viatu, na harufu ya gundi haikuwa imetoka ukutani hadi leo. Mezani palikuwa na skrini mbili, hedifoni iliyochubuka sikio moja, na feni ambayo wavu wake wa mbele ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Aliishi na mama mkwe. Mume alipofariki, ndugu walidhani wanawake hao wawili watatengana kabla arobaini haijaisha. Hawakutengana, na si kwa sababu ya upendo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

"Mke wa mwanangu," mama mkwe aliwaambia majirani walipouliza, "anagombana na majokofu. Siku nzima. Na majokofu yanamshinda."

Basi, Jumatatu moja tangazo likaja kutoka kwa uongozi. Lilisema kwamba wafanyakazi wanaofanyia kazi nyumbani wanatazama skrini kupita kiasi, kwamba macho yanaumia, shingo zinaumia na mioyo inaumia zaidi. Kwa hiyo, kuanzia wiki hiyo, kila siku saa nne kamili asubuhi kila mmoja aache skrini kwa dakika kumi, achukue kalamu na karatasi, aandike tafakuri fupi kwa mkono. Ikifika saa nne na robo awe ameupiga picha ukurasa wake na kuutuma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, liliongeza: kurasa zenu ni zenu peke yenu, zinapokelewa kama uthibitisho wa mapumziko tu na hazitasomwa.

Bi Nukta alilisoma mara mbili, akavua hedifoni, akaenda jikoni.

"Mama, sikiliza maajabu. Wananiambia niondoke kwenye skrini nikaandike, halafu nirudi kwenye skrini niwaonyeshe kwamba niliondoka."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kama mtoto anayeambiwa aende chooni, kisha aje aonyeshe."

"Ndivyo hivyo hasa."

"Na wewe utaonyesha?"

"Nitaonyesha. Kazi ni kazi."

"Haya," alisema mama mkwe, na kutupa kijiwe dirishani.

Zoezi lilikuja na mwalimu wake. Kampuni ilimwita Mwalimu wa Utulivu. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu kama ukingo wa bustani, na alizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa aliyelala. Nyuma yake, kwenye skrini, palikuwa na mmea kwenye chungu. Bi Nukta aliutazama mmea ule wiki nne mfululizo. Haukuongeza jani wala kupunguza, na siku ya ishirini aliridhika moyoni kwamba ni wa plastiki.

Kila asubuhi Mwalimu alitoa swali la kuandikia. Siku ya kwanza alivuta pumzi ndefu, akaiachia, akasema: "Kama moyo wako ungekuwa chumba, rafiki yangu, madirisha yake yangetazama wapi?"

Bi Nukta alichukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa mahakamani, wa mviringo na safi: "Moyo wangu una valvu nne. Ukitobolewa madirisha nitakufa." Akapiga picha, akatuma. Alishangaa jibu lilipokuja kabla hajakaa vizuri: "Asante kwa kutushirikisha moyo wako. Ukurasa wako ni zawadi." Pembeni palichorwa jani la kijani.

Siku ya pili akaandika orodha ya nguo zilizokuwa kwenye kamba uani. Zawadi, jani. Siku ya tatu akafungua kijitabu cha maelekezo cha mashine ya kufulia ya kilo saba, kile alichokuwa akiwatumia wateja kila wiki, akanakili ukurasa wa kwanza neno kwa neno. Zawadi, jani. Tangu siku hiyo hakujisumbua tena. Alinakili ukurasa mmoja kila asubuhi, na dakika nne zilizobaki alikunywa chai huku akitazama ukuta wa jirani. Wakati huo wateja hawakuacha kuandika. Ulipoondoka walikuwa sita kwenye foleni, uliporudi walikuwa kumi na wanne, na wale wanane wa nyongeza wote walikuwa na hasira ya kusubirishwa na mtu anayepumzika.

Alimdharau Mwalimu, lakini si sana. Yule alikuwa anakula jasho lake, hata kama jasho lenyewe lilinukia marashi. Aliowadharau kabisa ni wenzake. Wafanyakazi mia moja na arobaini, watu wazima wenye miwani na wajukuu, kila Alhamisi walijipanga mbele ya kamera kwenye mkutano mkuu wakisema "nimeguswa" na "nimejikuta". Mmoja alisema amegundua kwamba yeye ni mto. Bi Nukta alizima kamera yake ili asionekane mdomo.

Na kati ya hao alikuwapo Baba Pacha.

Baba Pacha na Bi Nukta walianza kazi wiki moja, miaka sita nyuma. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana, ingawa walikaa mji mmoja, yeye upande huu na mwenzake upande ule. Walijuana kwa simu. Foleni ikipungua Baba Pacha alimpigia: "Dada, mteja wa friji ya milango miwili nimfanyeje?" Naye alimwambia. Aliitwa Baba Pacha tangu mwaka jana mkewe alipojifungua wawili kwa mpigo.

"Dada," alimwambia asubuhi moja baada ya zoezi, "wewe huwa unaandika nini?"

"Mambo ya nyumbani," alisema Bi Nukta, na hakuwa amesema uongo.

"Mimi nadhani nilikuwa nahitaji kitu hiki. Jana niliandika mpaka nikalia."

"Ulilia? Saa nne asubuhi?"

"Si kulia kwa sauti. Unajua ile sauti ya ujumbe ukiingia? Siku hizi ikilia, mkono wangu unaruka wenyewe. Juzi nilikuwa nimembeba mmoja, ikalia, nikakaribia kumwangusha. Mke wangu hajui. Nimeandika hivyo hivyo kama nilivyokwambia. Je, ni vibaya?"

Foleni ya Bi Nukta ilikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa anaandika kwa herufi kubwa. "Andika utakacho," alisema. "Hakuna anayesoma."

Akakata simu.

Ikapita miezi mitatu. Mikataba ya mwaka ilikuwa inakaribia kwisha, na barua zikaanza kuingia. Jumanne moja mchana, Baba Pacha alipiga simu na hakusalimia.

"Nisikilize nikusomee," alisema. "'Kwa kuzingatia viashiria vya ustawi wako, tunasikitika kwamba hatuwezi kuendelea kukuweka katika mazingira yanayoweza kukudhuru.' Dada, wamenifukuza kwa kunihurumia."

"Viashiria gani?"

"Nimempigia Msimamizi. Anasema ni zile kurasa. Kuna programu inazisoma. Inahesabu maneno mazito, maneno ya uchovu, maneno ya hofu, halafu inampa kila mtu alama. Mimi nimepata kumi na tisa kwa mia." Alisikika akiikunja barua. "Dada, ulisema hakuna anayesoma."

Jibu lilimjia Bi Nukta mdomoni likiwa limeiva. Nilisema hakuna mtu anayesoma, na programu si mtu. Alikuwa amewasikia mawakili wakijikwamua kwa ujanja wa aina hiyo mara elfu moja, na mara elfu moja alikuwa amekunja mdomo. Alilimeza jibu lile.

"Nilisema," alijibu.

"Basi," alisema Baba Pacha. "Nilitaka tu ujue."

Haikupita saa moja, ujumbe mwingine ukaingia, huu ukiwa umepambwa kwa majani ya kijani pande zote nne. Hongera! Alama zako za utulivu ni tisini na sita, za juu kuliko zote katika kampuni. Tunakualika uusome mmoja wa kurasa zako mbele ya wenzako Alhamisi hii, na sisi tumeuchagua ule wa tarehe kumi na nane.

Bi Nukta alifungua daftari kutafuta ukurasa wa tarehe kumi na nane. Ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili wa kijitabu, ule wa namna ya kupakia nguo.

Aliwaacha wateja wote kwenye foleni. Kisha akapiga simu kwa Baba Pacha na kumuuliza anakaa nyumba gani.

Alifika kesho yake, saa tano asubuhi. Ilikuwa nyumba ndogo yenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya samawati, na kibao kilichoandikwa kwa chaki kwamba hapa nguo zinapunguzwa na zipu zinabadilishwa. Aliyefungua alikuwa mke, fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake. Alimtazama mgeni kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndiye Dada?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani utakuwa mrefu."

"Shikamoo" haikusemwa, wala "karibu", ingawa mlango uliachwa wazi. Bi Nukta aliingia. Watoto wawili walikuwa sakafuni wanagombea kifuniko cha sufuria. Baba Pacha alitoka chumbani, na alikuwa mtu mkubwa ajabu. Kwa miaka sita, kwa sauti yake, Bi Nukta alikuwa amemjengea mwili mwembamba na shingo ndefu. Huyu aliinama kupita mlangoni kwake mwenyewe.

"Nimekuja kuandika malalamiko," alisema Bi Nukta, kabla hajapewa kiti. "Ya kwako. Nimesoma malalamiko kama elfu thelathini, najua yapi yanashinda na yapi yanakufa. Machozi hayashindi. Kinachoshinda ni tarehe, ahadi yao wenyewe kwa maneno yao wenyewe, na jina la mtu anayepaswa kujibu. Nipe barua, na nipe madaftari yako yote."

"Madaftari ya nini?"

"Nijue walisoma nini."

Baba Pacha alimtazama mkewe. Mke aliendelea kusukuma cherehani. Basi akaleta madaftari matatu ya shule, yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akayaweka mezani na kwenda kuwatenganisha watoto.

Bi Nukta alisoma kama alivyosoma kila kitu, akiwa tayari kucheka. Alitegemea mito, na mioyo yenye madirisha. Haikuwepo. Mtu huyu aliandika kwa maneno ya kawaida, hata ya kimaskini, na aliandika alichokiona. Aliandika kwamba meza yake ya kazi iko kati ya kitanda na ukuta, na kwamba ili akae lazima mkewe aamke, kwa hiyo kila siku anaianza kazi kwa kumwondoa mtu usingizini. Aliandika kwamba mteja mmoja alimtukana kwa dakika ishirini, na mwishoni akaomba radhi na kusema mumewe amefariki na friji ndicho kitu cha mwisho walichonunua pamoja. Na kwamba mfumo haukumruhusu kuandika pole, kwa sababu pole haimo kwenye majibu yaliyoidhinishwa. Aliandika kuhusu mkono wake unaoruka. Kila mstari ulikuwa wa kweli, na kwa kila mstari ile programu ilikuwa imempunguzia alama.

Katika daftari la pili, katikati, alikuta haya:

"Nina dada kazini. Miaka sita tunaongea. Anajua dhamana ya kila friji inakwisha lini lakini hajui kama wanangu ni wa kike au wa kiume. Simchukii. Nadhani ukiwadharau watu wote sawasawa unapata amani fulani, kama mtu aliyeziba masikio. Huwa natamani kuipata. Lakini nikiweka simu chini baada ya kuongea naye najiona mdogo kuliko nilivyokuwa."

Alisoma hadi mwisho, akarudia. Cherehani ikanyamaza. Baba Pacha alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kila mkono, na usoni pake ilionekana ameshakumbuka daftari la pili lina nini.

"Dada, pale katikati..."

"Nimefika."

"Samahani. Sikujua kama..."

"Mstari wa tatu umesahau mkato," alisema Bi Nukta.

Hapo mke wa Baba Pacha alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeona alichotarajia. "Na mpaka sasa hajauliza," alisema. "Ni wa kike. Wote wawili."

Bi Nukta aliomba karatasi. Aliandika kwa saa moja na nusu bila kuinua kichwa, na alipomaliza kulikuwa na kurasa mbili tu. Tangazo la kwanza lilinukuliwa humo na tarehe yake, maneno "hazitasomwa" yamepigiwa mstari, barua ya kumwachisha kazi imewekwa chini yake, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na swali moja: mlijuaje? Baba Pacha akatia sahihi. Mke aliisoma barua kwa makini, akairudisha mezani, na safari hii akasema, "Utakunywa maji?"

Njiani kurudi nyumbani Bi Nukta alijaribu kumtafuta wa kumdharau. Kulikuwa na wengi: kondakta wa basi aliyejisifu kwa sauti, kijana aliyeongea na simu kana kwamba basi zima lilimwalika. Kwa kawaida wangetosha kumfikisha. Siku hiyo hawakutosha. Kila alipoanza na mmoja alijikuta amerudi kwa mwanamke mmoja, mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa na watu watatu kwenye foleni.

"Uso umefanyaje?" mama mkwe aliuliza alipoingia.

"Haujafanya kitu."

"Ulipoondoka ulikuwa na mmoja, umerudi na mwingine. Haya, kaa nao."

Alhamisi ikafika. Nyuso mia moja na arobaini zilijaa kwenye skrini kama stempu kwenye bahasha. Mwalimu wa Utulivu alimkaribisha kwa maneno mengi, na kila neno lilikuwa kilemba cha ukoka. Alisema mwenzetu huyu ni mnyenyekevu, hajawahi kuzungumza mkutanoni, lakini kumbe ndani yake mna kisima. Alisema tufumbe macho.

Bi Nukta aliwasha kamera, akafungua daftari, akasoma taratibu, kwa sauti ya kusoma hukumu.

"Kabla ya kuanza, hakikisha imesimama sawa. Isipewe mzigo unaozidi uwezo wake. Usiishindilie, acha nafasi ili kila kilichomo kipate kuzunguka. Ikianza kutetemeka, isimamishe, subiri, kisha sambaza upya kilicho ndani. Usilazimishe mlango. Utafunguka wenyewe shughuli itakapokwisha."

Mwalimu alikuwa amefumba macho, kiganja kifuani.

"Usilazimishe mlango," alirudia kwa mnong'ono. "Utafunguka wenyewe. Ooh, rafiki zangu. Tukae na maneno hayo."

Wakakaa nayo. Majani ya kijani yakaanza kupanda kwenye skrini, kumi, ishirini, hamsini. Watu hawa walikuwa wakiutuma ukurasa uleule kwa wateja kila wiki ya Mungu, mwaka baada ya mwaka, na sasa walikuwa wameufumbia macho na kutikisa vichwa. Ni mtu mmoja tu, mzee wa kitengo cha mafundi, aliyeshikwa na kikohozi na kutoweka ghafla mbele ya kamera.

"Kuna mwendelezo?" aliuliza Mwalimu.

"Upo," alisema Bi Nukta. "Safisha chujio kila baada ya kufua mara ishirini. Usitumie sabuni ya vyombo."

Macho yakafumbuka.

"Huu ni ukurasa wa kumi na mbili wa kijitabu cha mashine ya kufulia ya kilo saba," aliendelea, kwa sauti ileile. "Nimewatumia kijitabu chote, tangu jalada hadi namba ya simu ya fundi. Mmenipa tisini na sita. Mwenzetu mmoja alikaa akawaandikia ukweli, jinsi alivyochoka na jinsi kazi hii inavyomfanya. Huyo mmempa kumi na tisa, na barua ya kuondoka. Na tangazo lenu lilisema, nanukuu, 'hazitasomwa'. Sasa najiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa anatafakari. Nimemaliza."

Msimamizi alionekana akitafuta kitufe. Mwalimu wa Utulivu alivuta pumzi, akaiachia, na akatabasamu kwa huzuni iliyofanyiwa mazoezi.

"Nasikia hasira," alisema. "Na hasira inakaribishwa hapa."

"Si hasira, mwalimu," alisema Bi Nukta. "Hasira anapewa mtu wa maana."

Akazima kamera.

Baada ya hapo hapakutokea dhoruba. Hakuna aliyesimama mkutanoni kumuunga mkono, hata yule wa kikohozi. Ila simu yake ililia mchana kutwa kwa ujumbe wa pembeni: dada umetusemea, dada moto, dada tuko nyuma yako. Walikuwa nyuma kweli, tena mbali kiasi kwamba hata wakikimbia wasingemfikia. Aliyaambatisha malalamiko ya Baba Pacha, akawatumia wote mia na arobaini, akiomba sahihi. Zilirudi nne. Ya mzee wa mafundi ilikuwemo, na kwa hilo alimpa haki yake. Wale wengine aliwafuta simuni mmoja mmoja, kwa utulivu wa alama mia.

Kampuni ilikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi mwanasheria wake alijibu, na mtu aliyepiga chapa mahakamani miaka kumi na tisa alijua mara moja, kwa jinsi sentensi zilivyokuwa ndefu, kwamba wameogopa. Programu ya kusoma kurasa imesitishwa "kwa uboreshaji". Mfanyakazi aliyeathirika anarudishwa kwa mkataba wa mwaka mzima. Zoezi la kuandika litaendelea, bila picha. Barua fupi ya pekee ilimwarifu Bi Nukta kwamba amehamishwa kutoka malalamiko kwenda vipuri, ambako hakuna wateja, ni orodha tu za mipira ya milango ya friji na namba zake. Walidhani wamemwadhibu. Mwalimu wa Utulivu naye aliondoka mwisho wa mwezi, na habari zilisema amechukuliwa na kampuni kubwa zaidi, kwa cheo kikubwa zaidi, mmea na yote.

Kilichomkera Bi Nukta ni kwamba Baba Pacha alikubali kurudi.

"Wamekutema," alimwambia kwenye simu, "halafu wamekuokota, nawe unaingia mdomoni tena kwa miguu yako?"

"Dada, watoto wanakula kila siku."

"Na bado utaandika? Kila saa nne, na kalamu yako?"

"Nitaandika. Kwani kuandika kulinikosea nini? Waliosoma ndio walionikosea."

Bi Nukta alimwona mjinga. Alimwona pia kuwa anasema sawa, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kichwani mwake. Alikata simu bila kuaga, kama kawaida.

Kule vipuri hakukuwa na sauti ya ujumbe. Alijaza namba za mipira asubuhi na namba za bawaba mchana, na aliendelea kuwadharau wote waliostahili, wakiwemo waliotengeneza orodha hizo na kukosea herufi za neno bawaba mara mia mbili. Wiki ya pili, saa tano hivi, akiwa hana swali lolote la kazi, alichukua simu. Aliitazama. Akaiweka. Akaichukua tena.

"Dada?" Baba Pacha alipokea upesi, ana wasiwasi. "Kuna nini? Wamebadili mawazo?"

"Hapana."

"Nimekosea mahali?"

"Hapana. Nauliza..." Bi Nukta alikohoa. Maneno yalikuwa mageni mdomoni kama meno ya bandia. "Watoto hawajambo?"

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Hawajambo," alisema Baba Pacha polepole. Halafu akaanza. Alisema mmoja anaota meno ya nyuma na hajalala siku tatu. Alisema mwingine amejifunza neno "sitaki" na analitumia hata anapotaka. Alisema nani ni mkubwa kwa dakika ngapi, nani anafanana na bibi yake, na nani alimeza kifungo cha mteja wa mkewe na jinsi walivyokisubiri kitoke. Dakika ya tatu Bi Nukta alijuta kuuliza. Dakika ya nane alikuwa ameegemea kiti na kufumba macho kwa uchovu. Mtu huyu hakujua kufupisha; hadithi ya kifungo peke yake ingetosha mashahidi watano.

Mama mkwe alipita na ndoo. "Unaongea na nani?"

Bi Nukta aliziba simu kwa kiganja. "Mtu wa kazini."

"Anasemaje?"

"Habari za meno na vifungo. Hata sielewi kwa nini nasikiliza."

"Kata, basi."

"Nenda zako na ndoo yako, mama," alisema Bi Nukta, akairudisha simu sikioni. "Ee. Nakusikia. Yule wa 'sitaki' ndiye mkubwa au mdogo?"